Mtaalamu wa Manyoya Afika Kimuli

Nolasco wa Muleba alikuwa na kila kitu anachohitaji tapeli, isipokuwa usafiri. Mwezi uliopita wanakijiji wa Songambele, aliokuwa amewauzia majivu kwa jina la mbolea, walimkimbiza mpaka bondeni, na tangu siku hiyo goti lilimuuma kila akipanda mlima. Basi Ta Egbert, mwenye nyumba ya wageni pale Omurushaka, alipotangaza kwamba atatoa pikipiki yake kwa yeyote atakayempatia kuku wa mbegu wa kuzaa vifaranga vya kijivu vitupu, vipambe ua wake, Nolasco aliona goti limepona papo hapo.

Kuku wa kijivu waliosifiwa kote walikuwa Kimuli, kwa mjane aitwaye Ma Kokubanza, mwanakwaya wa Kilutheri, ambaye hakuwahi kumuuzia mtu hata mmoja. Nolasco alivaa koti jeupe, akaning'iniza lenzi shingoni, akachukua rula na daftari, akaenda.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Akampa punje za kahawa atafune.

"Mimi ni mtaalamu wa manyoya ya kurithi. Nimetumwa na wakubwa."

Alimpima mkia jogoo wa kijivu, akamchungulia jicho kwa lenzi, kisha akashusha pumzi ya mleta taarifa za msiba.

"Pole sana, Ma. Rangi hii ni ugonjwa wa damu. Baba anamrithisha mtoto, mtoto anamrithisha mjukuu. Mwakani hapa hapatasikika hata kuku mmoja akilia. Lazima niondoke na huyu jogoo na matetea wake wawili."

Ma Kokubanza alishika tama, machozi yakamlengalenga. Nolasco hakuwa mtu mbaya sana. Alimwonea huruma kwa muda wa kutafuna punje mbili.

"Na yule?" Mama alionyesha jogoo mweupe mwenye mabaka, kama aliyemwagiwa wino.

"Huyo mzima kabisa. Baki naye."

"Haya. Ila kwetu, mwanangu, jogoo wa mbegu hatoki bandani mpaka banda lijazwe. Niletee matetea wanne weusi tii, wasiwe na unyoya wa rangi nyingine hata mmoja. Wangu weusi waliisha kwa ugonjwa wa kideri."

Nolasco nusura acheke. Mwanakwaya mzima wa Kilutheri, bado anaogopa mizimu ya banda! Akaenda sokoni, akarudi na matetea wanne weusi, akabeba kuku wake wa kijivu. Jioni ile alizunguka Omurushaka juu ya pikipiki, akimpigia honi hata mbuzi.

Raha ilidumu wiki saba. Vifaranga vya Ta Egbert vilianguliwa: vingine kijivu, vingine vyeusi, vingine vyeupe na mabaka. Wageni walicheka sana. Ta Egbert hakucheka. Alimnyang'anya Nolasco ufunguo mbele za watu.

Nolasco alipanda Kimuli kwa miguu, goti linawaka, moyo umejaa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. Uani kwa Ma Kokubanza alikuta vifaranga thelathini, vyote kijivu, vikiwafuata matetea weusi. Jogoo wa mabaka alikuwa anatamba pembeni.

"Umenitapeli, Ma!"

"Mimi? Kijivu kwa kijivu huzaa mchanganyiko, hata bibi yangu alijua. Mwenye mabaka kwa mweusi ndio huzaa kijivu kitupu. Nilikosa weusi tu, waitu mwanangu, nawe ukaniletea mpaka mlangoni. Mungu akuzidishie."

"Kwa hiyo ulijua mimi si mtaalamu?"

"Mtaalamu wa manyoya, ulipima mkia, ulichungulia jicho, bawa hukufunua hata moja! Nilibana kicheko mpaka machozi yakanitoka."

Nolasco aligeuka aondoke. Ndipo alipoiona pikipiki, imeegeshwa kwenye migomba.

"Ta Egbert aliniletea jana, tumekubaliana vifaranga," alisema Ma Kokubanza. "Shida ni kwamba mimi sijui kuendesha, na vya kwanza anavitaka leo. Wewe unajua?"

Nolasco aliutazama mteremko mrefu wa kurudi Omurushaka. Akatafuta uongo wa kumjibu, akaukosa, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Akapokea ufunguo. Ma Kokubanza akapanda nyuma na boksi la vifaranga mapajani, akamwambia aende polepole.