Seva Iliyopewa Kumbukumbu Yote

Habari ilifika kijiweni kabla birika halijachemka: chumba cha bosi wa kampuni ya intaneti hakina mtandao tangu asubuhi, na seva iliyopaswa kutoa taarifa imezimia. Isipoamka kabla kikao cha bosi hakijaisha, Antena, fundi wa mitambo, atafute kazi nyingine.

Habari yenyewe aliileta Antena, kompyuta kwapani, jasho puani.

"Kwani hiyo seva ndo nini?" akauliza Wembe, kinyozi aliyemwacha mteja kitini.

"Inachunga mitambo yote ya mtandao. Mmoja ukizima, inapiga kelele."

"Kumbe mmbea!"

"Umepata ndugu," akasema Dada Birika, akimimina kahawa. "Sasa mbona kimya?"

Antena akajikuna shingo. "Programu yake ilikuwa inalia kumbukumbu haitoshi. Jana nikaiongezea."

"Kiasi gani?"

"Yote."

"Yote! Na mashine yenyewe ukaiachia nini?"

"Dua."

Kijiwe kikalipuka. Wembe alicheka hadi kandambili ikamtoka mguuni. Mzee Rufaa, karani mstaafu asiyekubali kushindwa hoja, akainua kidole.

"Namtetea kijana! Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mzee wangu, hapa mgeni kala, mwenyeji kakata roho!" Wembe akamjibu.

Antena hakucheka. Akaandika amri: programu ipunguziwe kumbukumbu.

"Iachie robo tatu," akadai Mzee Rufaa.

"Robo!" akapinga Wembe. "Ikishiba sana italala tena."

"Robo mtainyima hadi sauti," akasema Dada Birika. "Nusu kwa nusu, kila mtu apumue."

"Jamani, huu si mnada!" Antena akalalama, lakini nusu ndiyo aliyokuwa ameshaiandika. Akaiwasha seva upya.

Vichwa vyote vikainamia kioo cha kompyuta. Hata mteja wa Wembe akaja na shuka lake shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, wa pili kichaka.

Mistari ya mitambo ikaanza kuwaka. Kijani. Kijani. Kijani.

"Imeamkaaa!" Vikombe vikagongana. Mzee Rufaa akacheza hatua moja, kiuno kikamkataza ya pili.

Kisha mstari mmoja ukawaka mwekundu, na papo hapo simu ikalia. Bosi. Antena akabonyeza spika bila kukusudia, kijiwe kizima kikasikia.

"Wewe! Kikao kimekwisha. Unajitetea vipi?"

"Seva imeamka, bosi. Inasema..." Akausoma tena mstari mwekundu. "Inasema kisanduku cha mtandao cha chumbani kwako hakina umeme."

Ikasikika sauti ya mtu akiinama chini ya meza.

"Aa... nilikichomoa kidogo, nichemshe maji ya chai."

Dada Birika akajiziba mdomo na kanga. Wembe akamng'ata Mzee Rufaa bega ili yeye mwenyewe asicheke.

"Basi endelea na kazi, kijana," bosi akasema kwa upole wa ghafla. "Na hiyo seva... haiwezi kupunguziwa kumbukumbu kidogo?"

Simu ilipokatika, kijiwe kizima kilikuwa chini, kikishika mbavu. Aliyebaki wima ni mteja mmoja tu.

"Wembe, kaka yangu," akasema akishika upande wenye kichaka, "na mimi ulinichomoa katikati; nichomeke basi."