Pafu la Kiunoni na Kichwa cha Fundi Cherehani

Jumatatu, 4 Machi
Mhandisi kaleta pafu la bandia wodini! Dogo, la kuvaa kiunoni. Damu inapita ndani yake, inapata oksijeni, inarudi mwilini. Atajaribu kwa mgonjwa mmoja tu. Lazima niwe mimi. Miezi mitano nimefungwa kwenye mtungi wa oksijeni kama mbuzi kwenye kigingi, huku shemeji akiharibu vichwa vya wateja katika saluni yangu, ng'ambo ya barabara. Mpinzani: Mwalimu mstaafu, kitanda cha pili. Mpango: kuugua kumzidi. Daktari alipopita nikagumia, nikalegeza shingo, nikatoa ulimi kidogo.

Jumanne, 5 Machi
Balaa! Kumbe wanataka anayeweza kutembea. Daktari kaandika kwamba mimi hoi kabisa. Mwalimu, mnafiki mkubwa, akasema ananihurumia. Nikavua mrija, nikashika korido nikipunga mkono. Hatua kumi na nane! Ya kumi na tisa nikaangukia toroli la mashuka machafu.

Alhamisi, 7 Machi
Kachaguliwa Mwalimu. Mke wangu akaniambia nitulie, mapafu hayaponi kwa ubishi. Nikamgeuzia mgongo, nikalia. Si kwa kukata tamaa. Kwa hasira. Sitakufa nikitazama ukuta!

Ijumaa, 15 Machi
Mhandisi kanijia mwenyewe. Eti Mwalimu ana pafu siku tatu na hajavuka mlango wa wodi, anaogopa kuliharibu. Kifaa cha kutembea nacho kitajaribiwaje kitandani? Kwa hiyo ataunda la pili, na anatafuta mgonjwa msumbufu. Manesi wote walinitaja mimi. Ushindi! Masharti: nisitoke nje ya jengo, nisipitishe muda wa saa mbili bila kulichaji pafu. Nikatia saini kabla hajamaliza kusoma.

Alhamisi, 28 Machi
Nimevuka barabara! Pafu kiunoni, wala sikutweta. Shemeji aliponiona akaangusha chanuo. Nikamnyang'anya mashine ya kunyolea, nikaanza kichwa cha mteja aliyekuwa kitini, fundi cherehani wa jirani. Upande wa kushoto ukatoka safi kabisa. Mara pafu likaishiwa chaji: taa nyekundu, mlio, manesi wawili na kiti cha magurudumu. Fundi cherehani akatufuata hadi wodini, kipara upande mmoja, akidai haki yake. Mhandisi kanigombeza mpaka sauti ikamkauka. Sasa mlango mkuu umewekewa mlinzi, kwa ajili yangu tu.

Nimemwambia fundi cherehani anisubiri kesho saa nne. Nitatokea mlango wa jikoni.