Ombi la Kurudishiwa Sauti Mbovu ya Kompyuta ya Kwaya

Kwa Mpwa Wangu, Fundi wa Kompyuta,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Mimi mjomba wako sijambo na kwaya hawajambo, ila kompyuta yetu ya mazoezi umeiponya kupita kiasi. Kwa heshima zote nakuomba uirudishie ugonjwa wake.

Nakumbuka ulivyonieleza. Faili la MIDI halina sauti ndani yake. Ni maagizo tu ya noti gani ipigwe kwa chombo gani, na kompyuta ndiyo inayotoa sauti kwenye ghala lake. Ghala letu la zamani lilikuwa na mlio mmoja, wa mbu aliyenaswa kwenye chupa. Wewe ukatuwekea ghala jipya, piano ya kweli, fidla za kweli. Ahsante. Sasa sikia madhara.

1. Zamani tukiimba na yule mbu, watu walitusifu kwamba tuna sauti nzuri. Siku hizi tunaimba na piano, na watu wamekuwa wapole sana.

2. Nilipokuwa naandaa nyimbo, namba za vyombo nilichagua tu, maana zote zililia sawasawa. Kumbe orodha ya vyombo ina hadi mlio wa helikopta na wa makofi, na besi niliwapa helikopta. Juzi ubeti wa pili ikaingia ukumbini, besi wote wakalala chini. Kwamba namba niliichagua mimi si hoja. Helikopta ilikuwa imelala, wewe ndiye uliyeiamsha.

3. Alto niliwapa makofi. Wakifungua mdomo tu wanashangiliwa, wanainamisha vichwa kushukuru, na hawafundishiki tena. Soprano wamenuna, wanadai makofi yao.

4. Mlinzi wa ukumbi, ambaye tukianza tu alikuwa anatoka kwenda kunywa chai, sasa habanduki. Jana ameniomba kwa adabu niwanyamazishe waimbaji ili asikie vizuri.

5. Hili ndilo linaloniuma. Kitindamimba wangu, binamu yako, anaolewa Jumamosi. Ataingia na wimbo niliomtungia alipokuwa mchanga, wimbo pekee niliouchagulia vyombo kwa makini. Sasa anataka kompyuta iupige peke yake, kwaya wakae. Nikikosa wa kuwaongoza, siku ya mwanangu mimi nitasimama wapi, na mikono hii nitaiweka wapi?

Kwa hiyo naomba mbu arudi kabla ya Jumamosi. Ukichelewa nitalazimika kuwafundisha watu hawa kuimba, na kwa umri wangu huo ni ukatili.

Nisalimie dada yangu mama yako, shemeji, watoto wote, na yule jirani yenu wa gitaa lenye nyuzi pungufu.

Ni mimi mjomba wako mwenye manung'uniko,
Mwalimu wa Kwaya

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimeufungua wimbo wa binti yangu, niusikie kwa ghala lako mara ya mwisho. Filimbi imeingia vilevile nilivyoisikia kichwani nikimbembeleza, na tangu siku ile sikuwahi kuisikia popote pengine. Nimelia, basi. Usiguse kitu, hata helikopta iache, besi wameshaizoea. Njoo Jumamosi mapema na spika kubwa. Nimempigia simu bibi harusi kumkubalia, naye ameniambia kwamba shida yake haikuwa kwaya. Alitaka kuingia ameushika mkono wangu, na kwenye kila harusi mikono yangu huwa na kazi.