Matone ya Daktari Wubshet

Asubuhi hiyo Wubshet alisimama mbele ya kibanda cha watarizi pale soko la Shiro Meda, akajifanya anachagua shali. Kwa kweli alikuwa anachagua watu. Ndani walikaa wanawake sita wenye umri wa kuitwa mama na kila mtu, na kila mmoja alikuwa ameinyoosha sindano mbali na uso wake kama aliyeshika panya kwa mkia. Walilamba uzi, wakafumba jicho moja, wakakosa tundu, wakamlaani shetani, wakalamba tena. Sikukuu ya Timkat ilikuwa inabisha hodi, na magauni ya watu yalikuwa yamerundikana hayajatariziwa.

"Mungu wangu," Wubshet alinong'ona kwa unyenyekevu mkubwa, "umenipa kazi."

Ni haki kueleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na saba, ingawa alikuwa akitaja thelathini na minane. Mwaka mzima sasa, kila akiingia mgahawani, hakugusa orodha ya vyakula, alimuuliza mhudumu, "Leo mmepika nini kizuri?" Ukimuuliza sababu, angekwambia wachapishaji wa siku hizi ni mabahili wa wino.

Siku ya pili alirudi na koti jeupe alilonunua kwa muuza nyama mstaafu, na mkoba wenye vichupa vya mtumba. Ndani ya vichupa mlikuwa na maji yaliyochemshwa na chembe ya chumvi. Wubshet alikuwa tapeli, si muuaji.

"Mama zangu," alianza, "nani kawaambia macho yamezeeka? Macho hayazeeki! Yamekauka tu, kama mkate wa injera uliosahauliwa nje."

Kiongozi wao, Yeshimebet, mjane mwenye mikono mikubwa na ulimi uliozidi mikono, alimtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Daktari, koti lako linanuka mbuzi."

"Natibu na mifugo, mama."

Wenzake wakacheka, na mtu akishacheka mkono wake huwa tayari uko nusu ya safari kuelekea mfukoni. Wubshet akampa Yeshimebet sindano nyembamba, ndani kibandani penye kiza. Mama akahangaika, akashindwa. Akadondoshewa tone moja kila jicho.

"Sasa twende nje, dawa ikutane na jua."

Nje jua lilikuwa linawaka hasa, na jua zuri humsaidia kila mtu kuona. Pamoja na hayo, njiani ile sindano nyembamba iliingia mkononi mwa koti, ikatoka nyingine ya kushonea magunia, yenye tundu ambalo kuku angepita akainamisha kichwa kidogo tu. Uzi ukapenya mara moja.

Wanawake wakapiga vigelegele. Vichupa vikaisha kabla kahawa haijachemka.

"Hebu Daktari," Yeshimebet akamzuia alipokuwa anafunga mkoba, "nisomee hapa kwenye chupa. Nitie matone mangapi?"

Wubshet akakinyoosha kichupa, akakinyoosha zaidi, mpaka mkono ukamwishia. Akaona kitu kama siafu waliopanga foleni. "Matatu," akasema kwa sauti ya hospitali. "Asubuhi na jioni."

"Ahaa," Yeshimebet alisema, akakichukua kichupa akakitia kifuani. "Msomi ni msomi. Utuletee katoni nzima, mwanangu. Nitawauzia na wafumaji. Njoo baada ya wiki."

Wiki hiyo Wubshet alilala vizuri kuliko watakatifu wengi. Alirudi na katoni, akamkuta Yeshimebet amevaa miwani puani.

"Mama! Miwani tena? Na dawa yangu?"

"Nasubiri ikolee," akajibu bila kuinua kichwa. Kisha akashusha pumzi ndefu. "Ila tuna shida, mwanangu. Fedha yetu yote tumeitia kwenye shali hii. Mteja wetu aliyeko ng'ambo ametukimbia."

Akaikunjua. Ilikuwa pamba nyeupe, laini kama pumzi, na pindoni mlipita utarizi wa nyuzi za rangi ya fedha, herufi ndogondogo zilizobanana kuzunguka shali nzima.

"Kwenye soko la Merkato watakupa mara tatu ya dawa yako," Yeshimebet aliendelea. "Ichukue wewe. Utuachie katoni, na zile fedha zetu za wiki iliyopita uturudishie tukanunulie uzi. Au tumtafute mwingine?"

Moyo wa Wubshet ukaruka. Wajinga hawa! Shali hiyo ingemlipa miezi! Lakini akakunja uso, akaguna, akazunguka kibanda kama mtu anayedhulumiwa.

"Kwanza soma maandishi," Yeshimebet akamhimiza, "uone kama yanakufaa."

Wubshet akalishika pindo kwa urefu wa mkono wake. Wale siafu walikuwa wamerudi, safari hii na jamaa zao. Akatikisa kichwa taratibu, kwa heshima.

"Maneno mazito haya," akasema. "Ya baraka."

Watarizi watano wakapatwa na kikohozi kwa pamoja.

"Tusomee kwa sauti, Daktari!" mmoja akadakia.

"Maneno kama haya hayasomwi sokoni, mama."

Akatoa fedha zao zote, akaacha katoni, akajitanda shali mabegani. Yeshimebet mwenyewe alimrekebishia mikunjo, ili pindo lionekane vizuri mgongoni.

Njiani Wubshet alijua kwamba amekuwa mtu maarufu. Watu waligeuka, wakamsogelea mgongoni karibu kabisa. Wengine walimpisha njia huku wakitabasamu. Muuza kahawa mmoja alimwita, "Daktari, hebu nitungie uzi kwenye sindano!" na Wubshet akampungia mkono kama balozi, akijiuliza sifa zake zimefikaje mbali hivyo.

Merkato aliingia katika duka la Nuredin, mfanyabiashara mnene wa nguo aliyemfahamu kwa miaka na ambaye, kwa sababu hiyohiyo, hakuwahi kumwamini. Nuredin akaitandaza shali kaunta, akaipapasa, macho yakamng'aa. Kisha akavaa miwani yake, akainamia pindo.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Akashika kaunta. Machozi yakamtoka.

"Ni nzuri kiasi hicho?" Wubshet akauliza kwa matumaini.

"Umeisoma?"

"Mara mbili."

"Njoo hapa, ndugu yangu." Nuredin akaivua miwani yake, akamvika puani kwa nguvu, kama anayemvisha punda hatamu. "Soma mara ya tatu."

Dunia ikarukia usoni mwa Wubshet. Aliona kucha zake mwenyewe, chafu mno. Aliona nywele mbili nyeupe zimelala juu ya mkono wa koti la daktari. Halafu siafu wakasimama, wakawa herufi:

*Aliyevaa shali hii anauza maji ya chumvi katika chupa za dawa ya kikohozi cha watoto. Mwombeni atunge uzi.*

Wubshet alikaa juu ya robota la kanga. Shiro Meda hadi Merkato! Mgongoni! Akamkumbuka yule muuza kahawa, na ule mkono aliompungia.

"Tangu lini huoni karibu?" Nuredin akamuuliza, sasa kwa upole.

"Wachapishaji..."

"Acha wachapishaji. Ni umri, bwana. Mimi nilianza na arobaini na tatu. Jicho linakakamaa, halijikunji tena kuona cha karibu. Hakuna tone la kulirudisha ujana. Unapimwa, unavaa miwani, unaishi."

Wubshet alikuwa analivuta pindo taratibu kati ya vidole, akishangaa jinsi kila mshono ulivyokaa mahali pake. Kazi safi, ya mtu anayeona. Pembeni kabisa, chini ya ua moja, akakuta mstari mwingine mdogo zaidi:

*Ukiweza kusoma hapa, mwanangu, basi dawa umeshaipata.*

Akausoma tena. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo lote, mpaka Nuredin naye akaanza upya.

"Nuredin," akasema alipopata pumzi, "miwani kama hii naipata wapi?"

"Duka la tatu, mkono wa kushoto. Mwambie umri wako wa kweli."

Wubshet akainuka, akamrudishia miwani, akajitanda shali yake, pindo nje, akatoka kwenda kutaja arobaini na saba.