Malalamiko Kuhusu Diski Isiyorudishwa Nyuma

Ndugu Fundi wa Video,

...na ndipo yule mteja wa picha za pasipoti akatukatiza, nikaondoka dukani kwako kabla sijamaliza kukulaumu. Namalizia kwa maandishi. Kazi yako ni safi mno, na hapo hasa ndipo ulipotuumiza.

1. Tulikuletea kanda saba za video za mama mkwe, ukatukabidhi diski saba. Mume wangu anaonekana ana miaka sita, kibogoyo wa mbele, akipunga mkono. Nimeunguza sufuria mbili kwa kumtazama.

2. Diski haihitaji kurudishwa nyuma. Deki ya mama mkwe, kitufe cha kurudishia kilikuwa kibovu, kwa hiyo kila kanda ilipoisha mimi na mwanawe tuliizungusha kwa mikono: mmoja anabana kifungio kwa ncha ya kalamu, mwingine anazungusha gurudumu kwa kidole. Kazi ya watu wawili, vichwa vimegusana, dakika ishirini nzima! Mama mkwe alichoka kungoja, akaenda jikoni kutazama chungu chake. Kwenye kanda ya tatu, kidole changu kimenasa, huyu bwana akaniposa.

3. Sasa tumeoana, tunaishi kwa mama, na diski inaanza upya kwa kubonyeza mara moja. Mama habanduki kitini. Wiki tano za ndoa, na sebuleni hatujagusana vichwa hata mara moja!

4. Kwa heshima zote, naomba kila diski uiongezee mwishoni dakika ishirini za giza tupu. Ikishindikana, zigeuze ziwe kanda tena. Ukinipuuza, nitamtafuta aliyevumbua diski.

Msalimie mkeo, wanao, majirani wa duka, na yule wa pasipoti. Mwambie asinune, alipendeza.

Wako mwenye uchungu, ila nina furaha isiyo kifani,
Bi Harusi wa Kanda ya Tatu

Baada ya sahihi: Nilimpa mama mkwe barua hii anikagulie herufi. Amecheka hadi akaketi sakafuni. Anasema deki haijaharibika hata siku moja; hadithi ya kitufe kibovu aliitunga yeye. Mwanawe alikuwa na haya, na angeachiwa kitufe tungekuwa marafiki tu hadi leo. Na chungu? “Kilikuwa kitupu, mwanangu,” anasema. Mume wangu anaapa hakujua, lakini hathubutu kunitazama usoni.

Basi futa malalamiko yote. Ila kanda usizitupe: mama ameihamishia deki chumbani kwetu, na kile kitufe amekibandika plasta. Tutazifuata kabla mwezi haujaisha.