Vizibo vya Soda Mbele ya Bibi ya D.O.

Niliumbuka. Hakuna neno lingine. Meno yameng'oka, magoti yamekataa, lakini aibu ile bado ni mbichi.

Mjukuu wangu ametuma picha ya kikalio cha birika alichotengeneza kwa vizibo vya soda. "Cucu, ushawahi kuona kitu kama hiki?" (Kuona? Nusura nifungwe kwa ajili yake!)

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari Wazungu waliyotangaza kwa sababu ya Mau Mau. Nilikuwa na miezi saba tu ya ndoa, na Njiru wangu, babu yenu, alikuwa ameshachukuliwa kambi ya kizuizini. Tulihamishiwa kijiji karibu na Kanja, nyumba zimebanana kama mahindi kwenye gunzi, na kila asubuhi wanawake tulilazimishwa kuchimba handaki la kuwazuia wapiganaji wa msituni. Mama mkwe wangu, Ciarunji, alichimba pia. Mgongo wake ulikuwa umekwisha.

Ndipo kikaja chama cha akina mama. Ijumaa mnafundishwa kushona na urembo wa nyumba, hamchimbi. Nani angekataa? Wiki moja tukaambiwa tutengeneze vikalio vya birika, ili meza isiungue. Tukatazamana. (Kwetu birika lilikaa chini kwenye udongo. Udongo hauungui.)

"Bibi ya D.O. atakuja kuchagua," mwalimu akasema, yaani mke wa yule afisa mzungu aliyetutawala. "Atakayeshinda hachimbi wiki nzima, au ampe mtu wake hiyo nafasi."

Niliufikiria mgongo wa mama mkwe.

Nikaokota vizibo nje ya kantini ya homgadi, wale walinzi wa serikali waliotulinda na bunduki. Nikapata ubao wa mviringo. Misumari? Thubutu! Ukionekana na msumari unaulizwa unatengeneza bunduki ya nani. Rafiki yangu Rwamba alisuka chake kwa katani, kikatoka kama kiota cha kunguru. Mimi nilikuwa na kibonge cha nta ya nyuki alichoniachia Njiru. Nikaiyeyusha, nikabandika vizibo kwa duara: chekundu, cha dhahabu, chekundu. Nyumba ikanukia asali. Ikanukia yeye. Nikalia kidogo, nikaendelea kubandika.

Siku ikafika. Hedimani, msimamizi wa kijiji, mtu tuliyemwogopa kuliko chui, akaketi mezani kando ya bibi ya D.O., kofia magotini.

"Hii mzuri sana!" mzungu akasema, ameshika changu. "Nani nafanya?"

"Mimi, memsaab."

"Namba moja!"

Nikamkonyeza Rwamba. (Mungu anisamehe.)

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Akachukua birika la chai, linatoka moshi, akaliweka juu yake!

Akahutubia habari za usafi wa vyombo. Akahutubia sana. Mimi nikaanza kusikia harufu ya asali.

"Hedimani, chai ingine?" Akainua birika. Kikalio kikainuka nalo! Kikaning'inia pale chini kama kupe kwenye kiwele. Halafu vizibo vikaanza kudondoka. Ting! Ndani ya kikombe. Ting! Kwenye sahani. Ting, ting, ting, sakafuni.

"Risasi!" Hedimani akapiga ukelele, akapotelea chini ya meza mzima mzima.

Wanawake wote tunatazama viatu viwili vilivyobaki nje. Nani angethubutu kucheka? Mara nikasikia kicheko kirefu nyuma yangu. Mama mkwe! Mgonjwa wa mgongo, amejikunja, ameshika mbavu. Bibi ya D.O. naye akacheka mpaka akafuta machozi, na hapo tukajua tumepewa ruhusa.

Hedimani alitoka na nta kwenye nyusi. Aliandika tu jina langu: Ijumaa nne, hakuna chama, ni handaki. Rwamba na kiota chake wakashinda.

Jumatatu nikamkuta Rwamba handakini, jembe begani.

"Si wewe umesamehewa?"

"Wiki yangu nimempa Ciarunji," akasema. "Tangu tuletwe hapa sikuwa nimecheka, mpaka yule mama aliponianzisha. Haya, chimba, tunaangaliwa."

Tukachimba bega kwa bega. Ajabu ya Mungu, taabu ile yote siitamani, lakini asubuhi zile na Rwamba nazitamani hadi leo.

Somo? Ukimpa mzungu kitu cha urembo, ujue atakitumia.