Bastola za Konokono

Watu wa Brescia husema Ottorino Tregambi hajawahi kufanya kazi hata siku moja. Huo ni uzushi. Kuuza kengele ya kanisa ambalo halijajengwa ni kazi, tena ya kuchosha. Lakini mwaka ule alikuwa ametimiza miaka arobaini na sita, magoti yameanza kulalamika kila anapowakimbia wateja, na akajikuta anatamani kitu cha aibu kabisa kwa mtu wa fani yake: riziki ya halali.

Riziki yenyewe ilikuwa kibanda cha aiskrimu pale Iseo, kando ya ziwa, chenye mwavuli wa mistari na tangazo kwamba kinauzwa. Ottorino alikitazama akajiona yumo ndani, kavaa koti jeupe, watoto wamepanga foleni, na hakuna hata mmoja anayetaka kumpeleka polisi. Moyo ulimuuma kwa kukitamani. Akamuulizia mwenyewe, akaelekezwa kwa Kavalieri Eligio Bonzanini, mzee aliyetajirika kwa kutengeneza vifungo vya mashati hadi serikali ikamtunuku cheo hicho cha Kavalieri.

Sebule ya Kavalieri haikuwa na picha ukutani. Ilikuwa na bastola za gumegume, zile ndefu za mtutu mmoja ambazo mabwana wa zamani walizitumia kupigana alfajiri kwa sababu ya heshima, au mke, au mke wa mwenzake.

"Za babu yako hizi, Kavalieri?"

"Babu yangu alikuwa na bata tu. Hizi ni nakala. Zimetengenezwa hapa hapa kwetu, bonde la Val Trompia, na mafundi niliokunywa nao mvinyo. Hiyo uliyoishika niliitolea yuro elfu tatu."

"Elfu tatu kwa nakala?"

"Na usipoiweka chini taratibu utatoa nne."

Ottorino aliiweka chini taratibu sana, kwa sababu wazo lilikuwa limemwingia. Ikiwa mzee huyu anatoa elfu tatu kwa nakala, atatoa ngapi kwa zile zenyewe za kale? Thelathini, bila shaka. Na thelathini ndiyo bei ya kibanda. Kununua kibanda cha mtu kwa fedha yake mwenyewe! Mtume wa matapeli, kama yupo, alikuwa anachekelea.

Akapanda bonde lile hadi mji wa Gardone, kwa Shangazi Palmira, dada wa marehemu baba yake. Mume wake shangazi, Bortolo Scalvenzi, naye marehemu, alikuwa fundi bastola kwa miaka arobaini, na kabatini aliacha sanduku la mti wa jozi lenye bastola mbili pacha alizozitengeneza kwa mkono wake.

"Shangazi, bastola zile si zinakujazia kabati tu?"

"Zinajaza. Ila nilimwapia marehemu kwamba mkono wangu hautaziuza."

"Na mkono wangu?"

"Kuhusu wako hakuniuliza. Unampelekea nani?"

"Mzee mmoja wa vifungo, Bonzanini."

"Ahaa," alisema shangazi, akamkatia kipande cha pili cha keki. Hapo ndipo Ottorino angepaswa kuogopa. Tangu azaliwe, Shangazi Palmira hakuwahi kumkatia mtu kipande cha pili.

Sasa, bonde lile lina sheria yake. Hakuna mtutu unaotoka kwa fundi kabla haujajaribiwa kwa baruti na kugongwa muhuri: ngao, nyota, na herufi za mwaka. Bastola ya kale haina herufi za juzi, kwa hiyo Ottorino alishika tupa akaifuta mihuri yote. Kisha akazilowesha bastola katika siki, akazifukia wiki tatu katika samadi ya sungura. Zilipotoka zilikuwa na sura ya vitu vilivyoteseka.

Jumapili alizipeleka kwa Kavalieri, ambako chama cha wapenzi wa bastola kilikuwa kimekaa bustanini kusubiri spiedo, nyama iliyokuwa ikizunguka kwenye vijiti tangu asubuhi na kunyweshwa siagi. Ottorino alisimulia huku anakula. Mwaka 1797, habari zote zimethibitishwa, kapteni mmoja wa askari wa farasi alitukanwa na lodi mmoja kwa sababu ya mbwa wa mwimbaji. Walisimama umbali wa hatua ishirini, kila mmoja na moja ya bastola hizi. Lodi alikosa. Kapteni, kwa huruma, akaipiga kofia yake tu.

Kavalieri alifungua skrubu za mtambo wa kufyatulia, akachungulia ndani kwa kioo cha kukuzia. Alichungulia muda mrefu. Akakohoa, akafuta macho, akasema ni moshi wa spiedo.

"Nzuri," alisema. "Bahati mbaya hatununui vitu vya kale."

"Hamnunui?"

"Katiba ya chama, kifungu cha kwanza. Nakala tu. Kitu cha kale huruhusiwi kukipiga, hukishiki bila glavu, na fundi wake humjui hata kwa jina. Kina raha gani?"

Ottorino alikiona kibanda kinasafiri na mwavuli wake. Akatafuna, akameza, akakata shauri.

"Kavalieri, wewe ni mtu mzima, nikwambie kweli. Hizi ni nakala."

"Acha utani. Umetusimulia habari za mbwa."

"Mbwa nilimtunga."

"Na kapteni?"

"Naye pia."

"Kapteni nilikuwa nimempenda," alisema mwanachama mmoja, akaacha kula.

"Kama ni nakala, mihuri iko wapi?" Kavalieri aliuliza.

"Niliifuta."

"Mtu afute muhuri kwa sababu gani?"

"Ili nikutapeli, Kavalieri."

"Muungwana kama wewe? Siamini."

Ottorino aliapa kwa jina la mama yake. Hawakuamini. Akaapa kwa Mtakatifu Faustino, mlinzi wa mji. Wakatikisa vichwa. Ndipo, kwa mara ya kwanza maishani, akatoa ushahidi wa kweli.

"Kutu hii ni samadi ya sungura. Nuseni wenyewe."

Sanduku lilizunguka meza nzima. Walinusa kwa makini, wengine mara mbili, wakakubaliana kwamba ni sungura, na huenda wa kijivu.

"Basi ni nakala," alisema Kavalieri. "Lakini isiyo na muhuri si bastola, ni chuma. Itabidi nizipeleke zikakaguliwe upya, na kule wataniuliza nani aliyefuta. Swali hilo wanalipenda sana."

Ottorino aliacha kutafuna.

"Nakuonea huruma," mzee aliendelea. "Niachie. Malipo yake ni spiedo uliyokula, sahani ya pili, na mimi kusahau jina lako."

Ottorino aliipokea sahani ya pili. Alikula karibu alie, ingawa ugali wao wa mahindi ya manjano ulikuwa umeiva vizuri.

Majira ya kuchipua yalipofika, miguu yenyewe ilimpeleka Iseo. Kibanda kilikuwa kimepakwa rangi upya. Juu yake palichorwa konokono, na chini ya mwavuli, katika koti jeupe, alikaa Shangazi Palmira.

"Shangazi, umekipataje?"

"Nimepewa na Eligio, Kavalieri wako. Bortolo alichora konokono ndani ya kila bastola aliyoipenda, na zile pacha ndizo alizozipenda kuliko zote. Kisha wakagombana na Eligio kwa karata, Bortolo akaniapisha nisiziuze. Miaka thelathini mzee ananililia azipate. Akasema siku zitakapofika mezani kwake bila mimi kuvunja kiapo, kibanda ni changu. Ulipoondoka na sanduku nikampigia simu, naye akaniambia ulivyokiulizia kibanda."

"Kwa hiyo alijua kila kitu. Hata kapteni."

"Kapteni anasema ulimsimulia vizuri. Ila ile mihuri imewagharimu yeye na chama chake, mwanangu. Tupa haikuwamo katika mpango."

"Umenitapeli mimi, damu yako mwenyewe."

"Nilikupa keki vipande viwili."

Ottorino alitazama ziwa, kisha foleni ya watoto, ambayo ilikuwa ndefu na imeanza kununa.

"Koti liko nyuma ya mlango," alisema shangazi. "Mshahara ni mwisho wa mwezi. Na aiskrimu ya pistashio, ile ya bei ghali, nachota mimi, wewe mikono yako naijua."

Alilivaa. Lilimkaa sawasawa mabegani na mikononi, kwa maana shangazi alilishona wiki ile ile ya keki.